Waya kwenye Mlango wa Mashine

8 Septemba

Laurent ameniambia ninunue daftari niandike maneno ya mashine, kwa sababu amechoka kuyarudia. Nimenunua. Lakini daftari ni langu, na sitaandika ya mashine peke yake. Nitaandika na ya Laurent.

Nianze na ya mashine, nisije nikaambiwa sikufundishwa. Tunachora kwa laser juu ya mabamba ya inoksi, chuma kisichoshika kutu, yale yanayofungwa kwenye misalaba ya makaburi: jina la marehemu, tarehe zake mbili, na sura yake kutoka kwenye picha. Laser yenyewe haisogei. Vinavyosogea ni vioo viwili vidogo, vilivyoshikizwa kwenye vimota viwili ndani ya kitu kinachoitwa kichwa cha skana. Vimota hivyo ndivyo galvo. Kioo cha X kinaupeleka mwale kushoto na kulia, kioo cha Y mbele na nyuma. Vinageuka upesi kiasi kwamba unadhani sura inaota yenyewe ndani ya chuma. Ndani ya kompyuta kuna kadi ya kudhibiti. Hiyo ndiyo inayousoma mchoro na kuviamuru vioo: nendeni hapa, chora, acha, ruka pale.

Zamani nilikuwa studio ya picha mtaa wa Birere, kazi yangu kusafisha nyuso za maharusi. Papa Kamate, mwenye karakana hii, alinichukua kwa ajili hiyo, na pia kwa sababu yeye na mama yangu wote ni watu wa Butembo. Laurent ni mtu wa milima ya Masisi. Ndiye anayeijua mashine, na anajua kwamba anaijua.

9 Septemba

Mvua. Laurent amenipa miwani ya kijani, mizito, inayoteleza puani kila nikiinama. Amesema nisikae mbele ya mashine bila hiyo. Yeye havai. Bila shaka ni miwani ya wanagenzi, ili wateja wajue nani ni nani.

12 Septemba

Leo nimejifunza ucheleweshaji. Vioo vina uzito, hata kama ni mdogo, na amri ya kadi inafika kabla vioo havijafika. Kwa hiyo programu inaambiwa ingoje kidogo kabla ya kuwasha laser, ingoje kidogo kabla ya kuizima, ingoje kidogo kwenye kila kona. Ukiiharakisha kwenye kona, herufi zinaviringika. Ukiichelewesha kuzima, mwale unabaki mahali pamoja na kuacha kidoti kilichoungua mwishoni mwa kila mstari. Laurent alinichorea jina lilelile juu ya bamba bovu mara kadhaa, kila mara kwa kosa jingine, mpaka nikatambua kosa kwa kuangalia tu.

Nilimwambia mashine hii ina subira kuliko yeye. Hakucheka.

15 Septemba

Kazi imeanza kumiminika. Kila familia inataka bamba liwe juu ya msalaba kabla ya tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote. Papa Kamate anasema huu ndio msimu wetu wa mavuno. Halafu akajishika mdomo, kwa sababu neno lilitoka vibaya.

18 Septemba

Mlima wetu wa volkeno umetikisika leo, baada ya saa sita mchana. Si sana, ile ya kawaida, vikombe viligongana mezani na mtu akasema Yesu. Lakini mashine ilikuwa katikati ya sura ya mume wa Mama Bénédicte, na mwenyewe alikuwa amekaa pale pale anangoja.

Mlango wa mashine una swichi. Ukifunguka hata kidogo, swichi inaiambia kadi, na kadi inaukata mwale. Mtikisiko uliuchezesha mlango, swichi ikaachia, kadi ikafanya kazi yake, laser ikazimika. Tulipoendelea, bamba lilikuwa limesogea unene wa unywele. Marehemu akatoka na midomo miwili. Mama Bénédicte alilia kilio ambacho sijakisikia hata msibani.

Papa Kamate ana roho laini, machozi ya mjane yanamshinda. Alitafuta kipande cha waya, akafungua kisanduku cha nyuma, akaunganisha ncha mbili za swichi. Sasa kadi itaamini siku zote kwamba mlango umefungwa. Laurent alimkamata mkono. Papa Kamate akamwambia, kwa upole kabisa:

"Batu ba usine, bale balitengeneza mashine, habajue hii mulima yetu. Hapa kila kintu inatetemeka, hata sufuria ku moto. Tutawaharibia marehemu wao mupaka wakati gani?"

"Papa, ile contact ya mulango haiko ya mulima. Iko ya macho."

Papa Kamate alisema tutakuwa waangalifu. Laurent akatoka nje akasimama kwenye mvua. Mimi nilikuwa upande wa Papa Kamate, na ninaandika hivyo bila aibu. Laurent huwasha moto mahali pasipo na kuni.

19 Septemba

Nimeingiza mkono wote ndani kutoa bamba, na kwenye skrini imeandikwa: mlango umefungwa. Kompyuta nayo imejifunza kusema uongo.

24 Septemba

Kuna jambo limeanza na sijui nani alilianzisha. Familia hazitaki tena kuchukua bamba lililokwisha. Zinataka kuwapo sura inapotoka.

Ninawaelewa. Kwetu maiti haiachwi peke yake, na hakuna anayezikwa bila watu wake kumtazama mara ya mwisho. Lakini waliokufa katika zile siku za mwezi wa kwanza, vita vilipoingia mjini, wengi walizikwa haraka, ndani ya mifuko, na watu wasiowajua. Mama mtu hakuona uso. Basi anakuja hapa kuuona. Wanasimama mbele ya mashine, wanavua kofia, mmoja anaanzisha Salamu Maria, na uso unatoka paji kwanza, kisha nyusi, kisha macho. Leo mzee mmoja alimsalimia mwanawe mchoro ulipofika kwenye kidevu.

Dirisha la mashine ni la kioo cheusi-kijani na wanalalamika kwamba linawafanya marehemu waonekane kama waliozama ziwani. Kwa hiyo Papa Kamate anawafungulia mlango. Waya upo, mashine haisimami.

28 Septemba

Jumapili. Baada ya misa nilikwenda kwa Mama. Alikuwa anachambua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kupeleka soko la Kituku kesho, akitoa mchanga na vipande vya majani. Jicho lake la kushoto liliharibiwa na surua angali mtoto, linaona mwanga tu. La kulia linafanya kazi ya mawili, na wanawake wa sokoni wanamtania kwamba akipewa la tatu ataona samaki wangali majini. Kwa jicho hilo alitulea mimi na Prodige.

Aliniuliza bamba la Prodige litakuwa lini. Prodige ni mdogo wangu, alikufa katika siku zile zile, na ni mmoja wa wale wa mifuko. Nilimwambia nitamchora mimi mwenyewe, mwisho wa Oktoba, nikishaizoea mashine.

"Siku ile uniite," alisema. "Nitasimama pale mupaka atoke yote. Sikumuona, Kahindo. Walinionyesha mufuko."

Nilimwahidi. Tulikula sombe ya majani ya muhogo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Mama aliomba kuongezewa.

1 Oktoba

Mvua kutwa. Umeme ulikatika mara nyingi, na kila ukirudi Laurent anaanza upya: taa, feni, kadi, kichwa cha skana, laser mwisho. Anasema mpangilio huo si adabu tu, ukiwasha laser kabla vioo havijapata akili mwale unakwenda unakotaka wenyewe.

6 Oktoba

Nimempa Laurent mkono asubuhi, akaupita kama nguzo ya umeme. Nilibaki nimeunyoosha mbele ya wateja. Hata kama mimi ni mwanagenzi, salamu ni salamu. Kuanzia kesho na mimi nitakuwa nguzo.

7 Oktoba

Nimekuwa nguzo. Hakugundua.

9 Oktoba

Neno la leo: faili ya masahihisho. Lenzi inaukunja mchoro, ukiiamuru mashine ichore mraba inakupa kitu kilichobonyea kama mto wa kulalia. Faili hiyo inaiambia kadi ivigeuze vioo kinyume kidogo, ili upotovu ukutane na upotovu na mraba utoke mraba. Faili hiyo Laurent aliitengeneza mwenyewe, kwa kupima, na huwa anaona kosa la unywele kutoka ng'ambo ya chumba.

Leo ameruhusu bamba lipite likiwa limepinda. Jina lilipanda mlimani kama chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo. Nilimwonyesha, akaliinua karibu na uso, akaligeuza huku na huku, akasema: "Weye angalia. Unaona muzuri kunishinda." Sikulichukua kama sifa. Nadhani amelewa.

10 Oktoba

Nimemwambia Papa Kamate kwamba Laurent anakunywa. Alisikitika. Alisema watu wa milimani wameona mengi.

14 Oktoba

Mlima umetikisika mara mbili. Mashine haikusimama, sura zimetoka safi. Papa Kamate alinikonyeza.

Mlango uko wazi kutwa sasa. Leo familia ilikuja na watu wengi, wakarundikana mbele, mtoto akainuliwa aone babu. Nilikuwa na miwani yangu puani. Nilimuuliza Papa Kamate kama hao nao hawahitaji. Alinionyesha taa nyekundu, ile inayozunguka juu ya bamba kabla ya kuanza ili tujue mchoro utakaa wapi. Alisema taa hiyo ni dhaifu, inauzwa hata kwenye vijiti vya waalimu vya kuonyeshea ubaoni, haimuumizi mtu.

Laurent alisikia. Alikuja akasema taa nyekundu ni ya kuonyesha mahali tu. Ikizimika, ndipo mwale wenyewe unapoanza, na huo jicho haliuoni. Unaona cheche tu pale chuma kinapoungua. Na inoksi inang'aa, kwa hiyo sehemu ya mwale inarudi. Watu wakiona nyekundu imezimika wanadhani hatari imekwisha, na hapo ndipo wanapoinama zaidi.

Alikuwa anamwambia Papa Kamate, lakini alikuwa amesimama upande, kichwa amekigeuza kama kuku anayetazama punje. Nilijua ni kiburi. Lakini maneno yamekaa nami, nimerudi nayo nyumbani.

17 Oktoba

Mvua.

18 Oktoba

Mvua. Nimeota ninafungua mlango.

21 Oktoba

Wamegombana. Laurent aliliondoa kundi la watu kutoka mbele ya mashine, kwa mikono, na mwanamke mmoja alianguka. Akasema haendelei mpaka waya utoke. Papa Kamate, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alimwambia kama kazi imemshinda Masisi iko pale pale. Laurent alikaa tena kwenye kiti chake na kuwasha mashine.

Nilitazamia kufurahi. Sikufurahi. Nilimwona akitafuta kitufe kwa vidole, kitufe alichokibonyeza miaka.

Nilipaswa kusema neno. Mwale usioonekana, bamba linalong'aa, jicho moja la Mama mbele yake: yote hayo yalinijia pale pale. Nikajiambia Mama nitamvalisha miwani yangu, basi yatakuwa yamekwisha. Na hao wengine? Hao wengine nilijiambia siwajui.

25 Oktoba

Jumamosi. Papa Kamate amenituma mtaa wa Ndosho kufuata mabamba, na Laurent hakuja kabisa, amesema ana shughuli hospitali. Wenye mabamba walinikalisha mpaka jioni. Niliporudi Papa Kamate alikuwa anafagia mwenyewe huku akiimba wimbo wa kanisani, na aliponiona alicheka. Wakati mwingine ni mtoto yule mzee.

29 Oktoba



Leo mchana wateja walipungua kwa sababu ya mvua, nikamwambia Laurent yote niliyokuwa nimeyaweka moyoni: kwamba hasalimii, kwamba anapitisha mabamba mabovu, kwamba anatazama watu kwa pembeni kama wananuka. Nilimwambia kama ni pombe aseme, hata baba yangu alikunywa. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia nisimame mbele yake, akafunika jicho la kulia kwa kiganja.

"Ninakuona masikio. Ninakuona mabega. Sura haiko."

Sikuelewa. Akasema jicho la kushoto limekufa katikati. Upande wa kushoto ndio wa mlango, yeye anapokaa kwenye kompyuta. Hakusikia maumivu yoyote. Siku za kwanza aliona sawa, kisha ikaja polepole, akadhani ni uchovu, akadhani skrini imechafuka, akaifuta. Jicho la pili lilipoanza kuchoka kwa kazi ya mawili, alikwenda hospitali. Daktari alimwambia yaliyoungua huko nyuma ya jicho hayashonwi.

Hakusema mapema kwa sababu fundi wa laser asiyeona si fundi, na ana watoto. Lakini nilikuwa na swali jingine, na nilipoliuliza nilikuwa tayari ninajua jibu lake.

"Na juu ya nini hauvaake lunettes?"

"Iko moja tu, dada. Na weye uko nayo."

Alinipa miwani hiyo siku yangu ya pili hapa. Nilikuwa naivua mbele ya wateja ili nisionekane mwanagenzi. Nilikuwa naisahau juu ya meza. Mara moja niliikalia. Na mtu huyu nilimpeleka kwa bosi nikasema ni mlevi. Nimeona haya ambayo sina mahali pa kuiweka. Nilimwomba msamaha, akasema tufanye kazi, kuna mabamba.

Mama anakuja Ijumaa. Kesho waya unatoka, hata kama na mimi nitatoka nao.

30 Oktoba

Nimefika kabla ya Papa Kamate. Nilizima kila kitu kwa mpangilio niliofundishwa, laser kwanza safari hii, nikafungua kisanduku cha nyuma na koleo, nikautoa waya. Ni kipande kifupi, rangi ya njano. Nikauweka mfukoni. Nikawasha tena, nikafungua mlango, na kwenye skrini ikaandikwa: mlango wazi. Laurent alikuwa amesimama nyuma yangu.

Papa Kamate aliingia na familia ya kwanza. Nilimwambia mbele yao, kwa sababu faraghani angenishinda kwa upole wake. Nilimweleza jicho la Laurent. Nilimwambia amuulize, amjaribu. Alikataa mwanzo, akasema ni maneno ya mtu aliyegombezwa. Kisha akamwendea Laurent, akanyoosha mkono upande wa kushoto, kwa salamu, bila kusema. Laurent hakuuona. Papa Kamate alibaki na mkono wake hewani kama nilivyobaki mimi, lakini yeye alielewa mara moja.

Alikaa. Uso wake uligeuka rangi ya jivu. Nilidhani ni kwa ajili ya Laurent, na nikaanza kumhurumia, nikamwambia hakujua, hakuna aliyejua. Akanikatiza.

"Kahindo. Mama yako alikuya hapa siku ya posho."

Jumamosi. Siku ya Ndosho.

"Nilitaka kukufurahisha, tarehe mbili ukute kila kintu tayari. Nilimuchora Prodige miye mwenyewe. Mama nilimupa kiti, pale mbele. Aliangalia mupaka mwisho. Alishukuru sana."

Nilitoka bila mwavuli. Motari, dereva wa pikipiki, alinipeleka Kituku akilalamika kwamba namkaba shingo. Mama alikuwa kwenye nafasi yake, kati ya mabeseni, anapima sambaza na kumsuta mteja. Nilipomuuliza alikasirika kwamba Kamate hakuweza kufunga mdomo, ilikuwa siri yao. Nikamuuliza anaonaje. Anaona nini? Vitu vyote. Nikamwomba ahesabu vidole vyangu. Akavihesabu, akaongeza kwamba kucha zangu ni chafu. Wanawake wakacheka. Nikapiga magoti kwenye matope ya soko na kulia, na Mama akanipigapiga mgongoni kwa mkono wenye magamba ya samaki, akiwaambia wenzake kwamba mtoto huyu amemkumbuka mdogo wake.

Anaona. Anaona. Nimeandika mara mbili ili niamini.

31 Oktoba

Tumefanya kazi mlango umefungwa. Familia zimekasirika. Baba mmoja alisema tunamnyima mwanawe mara ya pili. Papa Kamate mwenyewe alisimama mlangoni akawaeleza, mmoja mmoja, na kila mara alianza na jicho la Laurent. Wengine waliondoka. Wengi walikaa kwenye benchi, wakasali kuelekea kioo cheusi-kijani.

Laurent amefunga mabamba kwa skrubu juu ya meza ya mashine. Alasiri mlima ulitikisika, mlango ukacheza, mashine ikasimama. Tukaufunga, tukaendelea pale pale, na sura ikatoka bila kasoro. Skrubu nne tu. Zingeweza kufungwa Septemba kama tungekaa chini na Laurent badala ya kumwacha kwenye mvua. Papa Kamate alizitazama muda mrefu.

Nilimuuliza Laurent, kwa sauti ya chini, yeye aliona sawa siku ngapi kabla jicho halijaanza. Alijifanya hakusikia.

1 Novemba

Watakatifu Wote. Mama amekataa kwenda hospitali. Anasema mtu mwenye afya hauguzwi. Baada ya misa alikosea hatua kwenye ngazi za kanisa, akasema ni mawe ya lava, kila mtu hujikwaa hapo. Nami nimejikwaa hapo.

Jumatatu nitampeleka hata kwa kumbeba.

2 Novemba

Mvua ilianza tungali njiani kwenda makaburini, ile nyembamba isiyomzuia mtu. Watu walikuwa wengi, na majembe, na maua, na chokaa ya kupaka misalaba. Papa Kamate alikuja, hakualikwa, amevaa suti. Laurent alikuja na mkewe, akakaa nyuma kidogo.

Mama alikuwa amelibeba bamba kifuani, ndani ya kitenge kipya, na hakumruhusu mtu kulishika. Hatuna uhakika kamili kwamba Prodige yuko chini ya msalaba ule, lakini nambari yake ndiyo tuliyopewa. Mimi nilishika bisibisi. Nilipomaliza kufunga tulisali, na Papa Kamate alimshikia Mama mwavuli.

Kazi ilikuwa nzuri. Picha niliisafisha mwenyewe mwezi uliopita: Prodige amesimama mbele ya duka la simu, anatutazama moja kwa moja, kama kawaida yake alipokuwa anajiandaa kukuomba kitu. Papa Kamate hakuharakisha. Kila kope ilikuwa mahali pake.

Mama aliinama. Akasogea karibu, karibu zaidi, mpaka pumzi yake ikaweka ukungu juu ya chuma. Akakigeuza kichwa kidogo upande mmoja.

"Masikio ni yake," alisema. "Kidevu ni ya baba yenu." Akasogeza uso tena. "Kahindo, macho yake mulitia wapi?"

Mwavuli ulianza kutikisika, na maji yakatudondokea sote. Nikamwambia, Mama, yapo. Akasema basi ni vumbi. Akalowesha ncha ya kitenge kwa mvua, akaanza kufuta, polepole, kama unavyomwosha mtoto uso, akitazama, akifuta tena. Niliushika mkono wake, lakini sikuweza kumwambia aache.